Tunalipa Tusiambiwe: Mazungumzo Kuhusu Dashibodi na AC ya Gari Kuukuu

Kama unanisikiliza ukiwa kwenye foleni, ndani ya gari lililotoka Japani, basi kuna kitu kimoja kwenye dashibodi yako ambacho huenda kilisharekebishwa. Redio za magari ya Japani hutengenezwa kwa masafa ya FM ya kule, yanayoanzia 76 na ambayo kwa miaka mingi yaliishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Fundi akafunga kidude kidogo nyuma ya redio, masafa yetu yakashushwa mpaka yakaingia kwenye redio yako. Ni kazi nzuri ya bei ndogo, na ilifanyika vizuri kwa sababu ulijua unachotaka. Ulitaka kusikia.

Leo nazungumzia kinyume chake, yaani kazi tunazozilipia ili tusisikie.

Katika mitaa ya spea na gereji za Afrika Mashariki, uwe Gerezani hapa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi, au Kisekka kule Kampala, hutakosa wa kukufanyia kazi mbili upesi: kuzima taa ya cheki injini na kujaza gesi ya AC. Zote mbili hazichukui muda. Zote mbili mteja huondoka anatabasamu. Na zote mbili, zikifanywa bila kupima, ni biashara moja tu: umetoa pesa ili tatizo linyamaze. Halijatoka, limenyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye gari kuukuu anayeumbuka ni mwenye gari, mara nyingi akiwa katikati ya safari.

Kwanza tuelewane ni magari gani tunayazungumzia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imeyafungia mlango magari yaliyofikisha miaka 15. Hapa Tanzania gari la zamani linaingia, ila linalipiwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Lakini hiyo ni habari ya bandarini tu. Likishatoka bandarini gari linaishi nasi miaka mingine 10, 15, hata 20. Na wakati huo wote, hata likiwa limeegeshwa, dashibodi inapikwa na jua nyuma ya kioo cha mbele. Plastiki inakauka, oringi za mpira zinakakamaa, lehemu kwenye bodi za mita inapata nyufa ambazo huzioni kwa macho. Kwa hiyo matatizo ya dashibodi na ya AC kwenye gari la umri huo si mkosi. Yalitarajiwa. Swali ni tunayashughulikiaje.

Tuanze na jaribio lisilogharimu hata senti. Kesho asubuhi, kabla hujapiga stata, zungusha ufunguo mpaka kwenye ON, kisha usifanye kitu. Tazama. Taa za onyo zinatakiwa ziwake. Taa ya oili, ya betri na ya cheki injini hubaki zikiwaka mpaka injini iwake. Taa ya ABS na ya eabegi huwaka kwa sekunde chache, kompyuta zake zinajipima, kisha huzimika zenyewe kila moja kwa wakati wake.

Sasa tafuta ambayo haikuwaka kabisa. Wengi wetu tunaogopa taa inayowaka, kumbe ya kuogopa zaidi ni ile isiyowaka wakati ilipaswa kuwaka. Ama balbu yake imeungua, ama mtu ameitoa. Na kuna ujanja wa hali ya juu zaidi: waya wa taa ya eabegi unaunganishwa na wa taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja, mnunuzi aone kila kitu ni salama. Ukienda kununua gari, simama kwenye hatua hiyo ya ON mpaka taa ya eabegi izimike yenyewe. Kama inasubiri injini iwake ndipo izimike sambamba na nyingine, shuku, tena shuku sana.

Nichukue hiyo taa ya eabegi niifungue kidogo. Mteja anafika gereji ana malalamiko matatu. Taa ya eabegi imewaka, honi haitoi sauti, na vitufe vya redio kwenye usukani vimekufa. Anayetaka kumuuzia vitu atamwambia anunue honi, kitako cha vitufe na eabegi. Anayepima atatazama kitu kimoja. Nyuma ya usukani kuna kasha la duara, ndani yake kuna utepe wa nyaya uliozungushwa mara nyingi, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Utepe huo ndio unaopeleka umeme kwa vyote vitatu. Ukikatika, vyote vitatu vinakwenda. Spea ni moja. Mwenye kutoa balbu ya eabegi atabaki na honi mbovu, na siku ya kugongana usukani utabaki vilevile ulivyo.

Na hapa nitoe tahadhari ambayo hata dashibodi yenyewe haiwezi kukupa. Magari mengi ya miaka ya 2000 yalifungwa eabegi zenye vijazio vya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali iliyomo huharibika taratibu kwa joto na unyevu, na eabegi inapofumuka chombo chake cha chuma huweza kupasuka na kuwarushia vipande waliomo. Watu wamekufa kwa hilo katika nchi mbalimbali. Magari yaliyoitwa yarudishwe yabadilishwe vijazio ni mamilioni kwa mamilioni, urejeshaji mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari, na mwaka 2017 kampuni ikaomba ufilisi. Joto na unyevu, msikilizaji, ndiyo hali ya hewa ya Tanga, ya Mombasa, ya Unguja. Kijazio kibovu hakiwashi taa. Dawa yake ni namba ya chesisi: ipeleke kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, waangalie kama liliitwa na kama lilihudumiwa.

Turudi kwenye balbu. Ukimiliki Land Rover au Volkswagen ya zamani, usimruhusu mtu aitoe balbu ya taa ya betri kwa sababu tu inakukera. Katika mengi ya magari hayo umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Ukiitoa, alteneta nzima inaweza kukaa bila kuchaji, wewe ukaenda kununua betri mpya, na baada ya siku mbili nayo ikalala. Kupima ni rahisi: mita ya umeme kwenye betri, injini ikiwa imezimwa, inatakiwa kusoma karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Fundi umeme asiye na mita hiyo mfukoni anabahatisha.

Sasa mita zenyewe: spidomita, mshale wa mafuta, mshale wa joto. Hapa kuna kanuni moja ambayo ukiishika hutaibiwa kirahisi. Kikifa kimoja, anza na sensa ya hicho kimoja na waya wake. Vikifa vyote kwa pamoja, anza na vile ambavyo vyote vinavitegemea: fyuzi, njia ya umeme, na waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi ya gari. Mshale wa mafuta ukifa peke yake, tatizo mara nyingi liko ndani ya tangi, kwenye boya, wala si kwenye dashibodi. Lakini mishale yote ikicheza ovyo unapowasha indiketa au feni, hiyo ni ethi mbovu, bolti imeshika kutu. Kuisugua na kuikaza ni kazi ya dakika chache, na watu wameuziwa dashibodi nzima ya mtumba kwa tatizo hilo.

Ikiwa mita zinazimika gari likipata joto na kurudi likipoa, au zinarudi ukipiga dashibodi kofi, basi tatizo huenda liko kwenye bodi ya saketi. Fundi mwenye subira huitoa, anaisogeza chini ya taa kali, anachukua lenzi na kukagua miguu ya soketi mmoja baada ya mwingine. Lehemu nzima inang'aa na kukumbatia mguu wote. Lehemu iliyokufa ina duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu, ufa ambao umeletwa na miaka ya joto, baridi na barabara za vumbi zenye mawimbi. Pasi ya lehemu, tone moja jipya, mita imefufuka. Na kama ni taa za nyuma ya mita tu zimekufa ukawekewa balbu za LED, usishtuke moja isipowaka. Igeuze, maana hizo zina upande wake.

Lakini yeyote anayeingiza mkono nyuma ya dashibodi ya gari lenye eabegi ashike adabu mbili. Kwanza, atoe terminali hasi ya betri na asubiri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90, ili umeme uliohifadhiwa kwenye mfumo wa eabegi uishe. Pili, soketi za rangi ya manjano asizichokoe kwa taa ya kupimia wala kwa mita. Hizo ni za eabegi, na eabegi haina mzaha.

Kuhusu cheki injini nitapita haraka. Kuifuta kwa mashine si dhambi, dhambi ni kuifuta kabla ya kuandika kosa lililosomwa. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Magari ya Marekani yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia toleo la 1996, ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. La Japani linaweza kuwa na soketi ileile lakini likataka mashine inayolielewa. Mwambie fundi: soma, niandikie namba, kisha tuzungumze. Na kama taa hiyo inamweka badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Injini inakosa kuchoma mafuta vizuri na inaharibu vitu vya bei kubwa huko nyuma kwenye ekzosi.

Kuna kinyamazishi kingine tunachokipenda sana katika nchi zetu, nacho ni kutoa thamostati. Gari limechemsha, fundi anaing'oa thamostati, mshale wa joto unashuka, kila mtu anafurahi. Rejeta iliyoziba imebaki imeziba, feni iliyochoka imebaki imechoka. Sasa injini inatembea ikiwa baridi kupita kiasi, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kana kwamba ni asubuhi, na katika magari mengi cheki injini inawaka na kosa P0128, maana yake maji hayafiki joto linalotakiwa. Unaanza kulalamika gari linakunywa mafuta. Na kama unaishi Njombe au Makete, ambako Juni na Julai barafu huonekana kwenye majani, hita yako imekufa, kwa sababu hita ya gari haina jiko lake. Inaazima joto la maji ya injini. Injini baridi, hita baridi, na kioo cha mbele kinajaa ukungu alfajiri huoni barabara. Wa Limuru na wa Kabale wananielewa.

Hapo hapo niseme, ukungu wa ndani ya kioo hauondoki kwa kitambaa. Washa AC na hita kwa pamoja, hewa ielekezwe kwenye kioo. AC inakausha hewa, hita inaipasha, kioo kinatakata. AC si ya joto la Dar es Salaam peke yake.

Na usiuamini mno mshale wa joto. Watengenezaji wengi waliupanga ukae katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kidogo, dereva asihangaike. Ukianza kupanda juu ya nusu, hali imeshakuwa mbaya. Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu kwa baridi na nyekundu kwa joto kali. Nyekundu ikiwaka, usiseme nifike pale mbele tu. Na maji yakiisha kabisa, sensa inaweza kubaki hewani na kusoma joto la chini, huku injini inaungua. Ndiyo maana kutazama kiwango cha kulanti kwa macho, injini ikiwa baridi, hakuna kipimo cha dashibodi kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Haya, tuingie kwenye AC, maana najua wengi mmekaa mkisubiri hapo.

Sentensi moja tu ya kukumbuka: AC haili gesi. Kompresa inaibana gesi, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inakuwa kimiminika, kinapita kwenye tundu dogo la valvu, kinachemka na kuwa gesi tena ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kulinyonya joto la hewa unayopulizwa, kisha gesi inarudi kwenye kompresa. Ni mzunguko. Gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na gari dogo hubeba takriban nusu kilo tu. Kiasi kamili kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kupungua kidogo kwa miaka kupitia mipira ni kawaida. Kuisha kila baada ya miezi minne ni kuvuja.

"Bosi, gesi imeisha." Sawa. Jibu lako liwe swali: imepitia wapi? Kujaza bila kutafuta tundu ni kuchota maji kwa pakacha.

Na tundu lina alama. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo mahali gesi inapotokea oili nayo hutoka, na vumbi hunata hapo. Piga tochi kwenye maungio ya paipu, kwenye uso wa kondensa, mbele ya puli ya kompresa. Ukiona baka jeusi lenye utelezi mahali palipopaswa kuwa pakavu, paka povu la sabuni utazame linavyochemka. Kondensa ndiyo inayoumia kwanza, kwani inapokea kokoto za barabarani na chumvi ya upepo wa bahari.

Tundu likishazibwa, kazi haijaisha. Hewa na unyevu vilivyoingia lazima vinyonywe kwa pampu, nusu saa au zaidi, mshale wa geji ushuke chini kabisa, kisha pampu izimwe na wote mtulie mtazame. Mshale ukibaki palepale, mfumo hauvuji. Ukianza kupanda, msijaze. Maji yakibaki ndani huganda kwenye valvu na hutengeneza asidi inayokula vyuma. Baada ya hapo gesi iwekwe kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye stika, wala si kwa kushika paipu na kusema imepoa. Ikizidi, AC inaweza kupoza vibaya kuliko ilivyokuwa imepungua.

Kosa baya kuliko yote ni kuunga dairekti. Mfumo una swichi ya presha. Gesi ikipungua, swichi hiyo inaizuia kompresa isiwake, kwa sababu bila gesi hakuna oili inayozunguka kuilainisha. Fundi anachukua kipande cha waya, anairuka swichi, kompresa inaitika, mteja anashangilia. Baada ya muda kompresa inajisaga, chembe za chuma zinasambaa mpaka kwenye kondensa na valvu, na sasa unanunua mfumo mzima. Swichi ilikuwa inasema ukweli.

Na uliza ni gesi gani. Ipo mitungi ya bandia, na wapo wanaochanganya gesi za kuwaka moto na kuziingiza kwenye mfumo ambao evaporeta yake imo ndani, walimokaa watoto. Mwaka 2011 makontena ya kubebea vyakula vya baridi yalilipuka huko Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi, na chanzo kilikuwa gesi iliyochakachuliwa. Vilevile R134a halisi nayo haifai kuachiwa hewani ovyo. Ilipokelewa baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kuiondoa R12 iliyokuwa inaharibu ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za jamii hiyo yalifikiwa hapa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Kila anayejaza gari linalovuja mara tatu kwa mwaka anarusha hewani zaidi ya kilo moja ya kitu hicho, na anailipia.

Sasa, si kila AC isiyopoza ina tatizo la gesi. Ikipoza barabara kuu na kukataa kwenye foleni, tazama feni ya kondensa na uchafu ulioziba mapezi yake. Ikipuliza kwa nguvu ya mwisho tu na ngazi nyingine zimekufa, ni rezista ya feni. Ukisikia ta-ta-ta nyuma ya dashibodi kila unapobadilisha joto, gia ndogo ya plastiki inayogeuza mlango wa hewa imevunjika meno. Hewa ikiwa hafifu, fungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, kibane pande mbili kishuke, vuta chujio. Usishangae kukuta majani makavu, manyoya ya kuku au kiota cha panya. Na zulia la upande wa abiria likilowa, chovya kidole. Maji safi yasiyo na harufu wala rangi ni ya AC, bomba la kutolea limeziba, linazibuliwa kwa waya laini. Yakiwa yananata, yana rangi na harufu tamu, usionje, ni kulanti, na hita ndiyo inayovuja.

Nimalizie upande wa ufundi na AC za otomatiki. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zenye AC ya namna hiyo zina uwezo wa kujipima bila mashine yoyote. Bonyeza kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, ushikilie, kisha zungusha ufunguo mpaka ON. Taa za vitufe zitamweka mara nne, halafu kwenye kioo chake zitatokea namba. 00 ni salama. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 21 ni sensa ya jua.

Na hiyo 21 imewalia watu pesa. Sensa ya jua ni kidude cheusi kama kifungo cha shati juu ya dashibodi karibu na kioo. Ukilipima gari ndani ya gereji yenye kivuli, sensa haioni mwanga, na kompyuta inaandika 21 hata kama ni nzima. Litoe gari juani au imulike kwa taa kali, pima tena, namba inafutika. Sasa fikiria magari yetu mangapi yamefunikwa dashibodi yote kwa kitambaa cha manyoya. Sensa imelala chini ya manyoya, AC inaamini ni usiku. Toboa kitambaa hapo mahali, basi. Na ile sensa ya joto la ndani imejificha nyuma ya vitundu vidogo karibu na usukani, inavuta hewa kidogo ili ipime. Washa feni, weka kipande cha karatasi laini ya chooni juu ya vitundu. Ikishikilia, inavuta. Ikianguka, kipaipu chake kimechomoka nyuma au vumbi limeziba.

Nimewasema mafundi, sasa niwatetee. Fundi wa kwetu halipwi kwa kupima. Akitumia saa nzima na tochi, akakuta waya wa ethi umelegea, akaukaza, mteja humuuliza, "Umekaza bolti tu, unanidai nini?" Basi fundi anajifunza. Anajifunza kwamba akili yake haina bei, spea ndiyo ina bei, na juu ya spea kuna cha juu. Ndipo tunapouziwa dashibodi kwa sababu ya bolti na kompresa kwa sababu ya oringi. Sisi wateja ndio tuliofundisha soko hili. Tumekataa kulipia jibu, tukakubali kulipia bidhaa.

Napendekeza tubadili mkataba. Ukifika gereji, patana kwanza bei ya kupima peke yake, na uilipe hata kama kilichokutwa ni fyuzi ya bei ya soda. Omba aandike alichokipima na alichokisoma: volti ngapi, kosa namba ngapi, gesi gramu ngapi. Spea iliyotolewa urudishiwe uione. Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umempa heshima anayostahili. Asiyefurahi, umemfahamu mapema.

Na baada ya kupima, bado una haki ya kutotengeneza. Gari la miaka 22 si lazima saa yake isome, wala si lazima AC yake ipoze kama ya gari la waziri. Mtu anayejua kwamba kondensa yake imetoboka, akapiga hesabu, akaamua pesa hiyo iende kwenye breki na matairi, yeye akashusha madirisha akaendelea na safari, huyo ameamua kwa akili. Tofauti yake na aliyejaziwa gesi jana ni kwamba yeye anajua. Anza kesho na zile sekunde chache za ON.